Jibu: Chotara wa pudeli na koli, atafaa Tukuyu?

Habari za kazi, ndugu. Umeuliza kama chotara wa pudeli na koli, yule mbwa mchunga kondoo, atakufaa hapo Tukuyu, kwa kuwa umeambiwa hapukutishi manyoya.

Kabla ya manyoya, fikiria dawa. Mbwa wengi wenye damu ya koli hurithi hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, inayoiruhusu ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa mifugo, kupenya hadi kwenye ubongo na kumdhuru, na huku kwetu mtu akishachoma ng'ombe sindano, hummalizia mbwa kilichobaki. Mweleze daktari wa mifugo asili ya mbwa wako kabla hajafungua chupa yoyote.

Wangu, hapa Uyole, hapukutishi sana kweli, ila manyoya hujisokota. Masika moja nilimchana juujuu tu, kumbe kwapani yalikuwa yameshikamana kama mkeka hadi ngozi ikawa nyekundu, ikabidi anyolewe. Sasa namchana mpaka kwenye ngozi kila baada ya siku mbili, nikitafuta na kupe.

Asipochoshwa hujipangia kazi mwenyewe: huwakusanya kuku wa jirani kwenye kona ya uzio, na watoto wakikimbia huwang'ata visigino kana kwamba ni ndama. Ikiwa unashinda kazini hadi jioni, ningekushauri uchukue mbwa wa kienyeji.