Liseuse ya inchi 6, mchwa wa Katuba na silabasi za A4

Swali: Jambo sana fundi. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa kwenye sekondari moja hapa Katuba, Lubumbashi, na nina miaka 53. Mwaka jana mchwa walinilia boksi zima la vitabu, nikabaki na majalada. Ndugu yangu anarudi kutoka Brussels mwezi ujao, anasema anaweza kuniletea liseuse, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, aina ya Kobo Clara BW, inchi 6, kwa yuro 150 hivi. Ninasoma riwaya mbili kwa mwezi, zaidi usiku, na mambo ya delestaji, huku kukatiwa umeme, unayajua. Tena nimeanza master, nina silabasi (vijitabu vya masomo vya maprofesa) na makala za PDF karibu 200 kwenye simu na macho yanachoka. Mke wangu anasema pesa hiyo tununue vitabu vya karatasi na kantini, sanduku la chuma la kuvitunzia. Kati yetu nani ana haki?

Jibu: Aksanti, Mwalimu. Nianze na mama watoto: kwa kantini ana haki kabisa. Ununue liseuse usinunue, kantini nunua. Iweke juu ya matofali, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na upitishe tochi chini yake kila juma. Mchwa hapandi hewani, anajijengea kijia cha udongo. Ukiona mstari mwekundu unapanda tofali, ubomoe siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Wengine husimamisha miguu ya rafu ndani ya makopo ya oili chafu. Inasaidia, ila sebule inanuka gereji.

Sasa liseuse, ambayo mimi nitaiita kisomaji. Wanaoniuliza swali hili huanza na hesabu: nisome vitabu vingapi ndipo yuro 150 zirudi? Kwako hesabu hiyo naiweka kando, kwa sababu jibu linategemea unasoma nini. Umenitajia riwaya na silabasi kama vile ni kitu kimoja, kumbe kwa kifaa hiki zimeachana sana.

Kioo cha simu kinatoa mwanga kutoka ndani yake au nyuma yake, nao unakupiga machoni muda wote unaposoma. Kioo cha kisomaji kimejaa vifuko vidogo sana, unene wake kama wa unywele, na ndani ya kila kifuko kuna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme ukipita, ama nyeupe zinapanda juu ama nyeusi. Zikishapanda zinabaki pale pale, hata umeme ukiondoka. Mama mmoja aliwahi kuniletea chake analalamika kwamba kimeganda, kila akibonyeza kinaonyesha jalada lile lile la kitabu. Nikakifungua, betri ilikuwa imekufa kabisa. Picha aliyokuwa akiiona ilikuwa imebaki tu pale, kama maandishi ya chaki baada ya mwalimu kwenda nyumbani. Chembe hizo ndizo zinazoitwa wino wa kielektroniki. Wino huo ulitokea chuo cha MIT kule Marekani, na kampuni ya E Ink ilianzishwa mwaka 1997. Sony iliutia kwenye kisomaji cha kuuzwa Japani mwaka 2004, Kindle ya Amazon ikafuata mwaka 2007. Hadi leo visomaji vingi, hata vya kampuni zinazoshindana, vinatumia wino huo mmoja.

Kwa mtu wa Lubumbashi maana yake ni hii: kifaa hakihitaji umeme kushikilia ukurasa, kinauhitaji kuugeuza tu, pamoja na ile taa yake ndogo. Clara BW ina betri ya 1500 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), wakati simu nyingi za siku hizi zina 5000. Ukisoma nusu saa au saa moja kwa siku, Wi-Fi ukiizima, unakaa majuma kadhaa bila kutafuta chaja. Power bank ya 10,000 inaweza kukijaza mara nne na ikabaki na kitu. Delestaji ya siku tatu haitakugusa. Na taa yake haitoki nyuma: inatoka pembeni, inateleza juu ya ukurasa, tena unaweza kuigeuza iwe ya manjano kama ya kibatari. Mchana, chini ya mwembe, unaizima na unasoma kwenye jua kali ambalo simu ingekuwa kioo cha kujitazamia.

Mimi si daktari wa macho, lakini kwa miaka 53 naona faida yako kubwa iko kwenye herufi. Riwaya ya karatasi, hasa zile za bei nafuu zinazouzwa kando ya barabara mjini, ina herufi ndogo kama sisimizi na karatasi iliyogeuka kahawia. Kwenye kisomaji unaikuza herufi mpaka uisome hata miwani ikiwa imebaki shuleni. Nimeona wazee walioacha kusoma wakirudi kwa sababu hiyo moja tu. Kwa riwaya zako mbili za usiku, basi, mimi nasema ndiyo bila kusita.

Tatizo ni zile PDF 200.

Riwaya ya kidijitali kwa kawaida huja kama EPUB. EPUB ni kama maji: ukiimimina kwenye kioo kidogo, maneno yanajipanga upya, mistari inakuwa mifupi, kurasa zinaongezeka, herufi inabaki na ukubwa ulioutaka. PDF ni jiwe. Ukurasa ulichorwa kwa A4 na utabaki A4. Kifaa kinachoweza kufanya ni kuupunguza mpaka uingie.

Tupige hesabu. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi na urefu wa 12. A4 ina upana wa sentimita 21. Kuingiza 21 ndani ya 9 ni kuupunguza ukurasa hadi asilimia 43. Herufi ya ukubwa wa 12 ambayo profesa aliichapa inabaki kama 5. Uwazi wa kioo ni mzuri, nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo herufi hiyo itakuwa safi kabisa. Safi, na ndogo kama maandishi ya kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Usiniamini kwa maneno. Chukua kurasa tatu za silabasi unayoitumia sana, nenda kwa kijana wa fotokopi, mwambie akupunguzie hadi asilimia 43. Mashine nyingi zina kitufe hicho. Kisha zisome usiku, kitandani, kwa tochi. Hicho ndicho utakachokiona kwenye kifaa cha yuro 150, na umekijua kwa bei ya fotokopi tatu. Kila mwenye PDF nyingi namwambia afanye hivi kabla ya kumtuma mtu Ulaya, na wengi wakirudi wamebadili mawazo.

Kuna ujanja, nisikufiche. Pembezoni nyeupe za ukurasa zinakula nafasi bure. Ukizikata, maandishi yenyewe yana upana wa sentimita 16 hivi. Ukikigeuza kifaa kilale, unapata upana wa 12. Hapo unapunguza hadi asilimia 75 tu, na herufi ya 12 inakuwa 9, ambayo inasomeka. Gharama yake ni kwamba kila ukurasa unausoma kwa vipande viwili au vitatu. Programu ya bure ya KOReader, inayoingia kwenye Kobo, inakata pembezoni yenyewe, na k2pdfopt, ya bure vilevile, inafanya kazi hiyo kwenye kompyuta kabla hujahamisha faili. Makala iliyochapwa vizuri inakubali. Silabasi iliyopigwa picha kwa simu, ukurasa umepinda, kivuli cha kidole kiko pembeni, hiyo hakuna programu itakayoiokoa. Majedwali mapana nayo sahau.

Visomaji vya inchi 10.3 vipo, na humo A4 inashuka hadi asilimia 70 hivi bila kukata kitu. Vinafaa kweli kwa PDF. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya hiki, na kwa mshahara wa mwalimu sitakushauri hivyo. Silabasi mbili tatu za muhula huu zichapishe karatasi pande zote mbili, uzifunge kwa springi ya plastiki, uandike pembeni kwa kalamu. Kusoma kwa mtihani bila kalamu mkononi mimi sikujaliwa. Makala nyingine zibaki kwenye simu, za kutafutia neno tu.

Kuhusu aina, ndugu yako amechagua vizuri. Kobo inasoma EPUB moja kwa moja: unachomeka kebo kwenye kompyuta, unanakili faili, umemaliza. Kindle haifungui EPUB hivyo, inabidi uipitishe kwenye huduma ya Amazon ya kutumia intaneti, ambayo inaipokea tangu 2022, au uigeuze kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Na kuna jambo la umiliki ambalo wanunuzi hulisahau. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali, ndani ya vifaa vya watu, vitabu ambavyo walikuwa wamekwisha kulipia, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza. Wakarudishiwa pesa, lakini vitabu viliondoka usiku bila hodi. Februari 2025 ikaondoa pia njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa kebo. Duka la Kobo nalo huuza vitabu vingi vyenye kufuli la kidijitali, usidhani huko ni mbinguni. Mchwa hula polepole; kampuni hizi zinaweza kula kwa kubonyeza.

Wewe lakini una bahati ya somo unalofundisha. Riwaya za Kifaransa za karne ya 19, zile ambazo wanafunzi wa humanité (sekondari) wanakutana nazo kila mwaka, haki zake zimekwisha. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, na vya Kifaransa ni vingi. Gallica, ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, ni bahari nyingine, ila vingi humo ni picha za kurasa, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya A4. Riwaya ya EPUB isiyo na picha mara nyingi haifiki hata megabaiti moja. Megabaiti unazomaliza kwa video moja ya WhatsApp zinaleta riwaya kadhaa. Vitabu vipya ndivyo vya kulipia, na maduka hayo yanataka kadi ya benki ya kimataifa. Elewana na ndugu yako awe anakulipia toka huko.

Visichopatikana ni vya hapa. Historia ya mji, vitabu vya dini vya Kiswahili, kazi zilizochapwa Lubumbashi kwa nakala chache: vingi havina hata faili. Hivyo nunua karatasi ukivikuta, usingoje, vitie kwenye kantini.

Mezani kwangu ugonjwa wa visomaji ni mmoja: kioo. Chini ya ule wino kuna bamba jembamba la glasi. Halihitaji kuanguka, linavunjika kwa kubanwa. Kijana mmoja alikiweka kwenye begi, akapanda teksibasi, begi likakaliwa. Nje hakuna hata mkwaruzo, ila ndani nusu ya ukurasa imekuwa mistari. Kioo kipya kinakaribia bei ya kifaa, na hapa mjini hakipo. Kobo ilitangaza mwaka 2024 ushirikiano na iFixit, kampuni ya miongozo ya ukarabati, wa kutoa vipuri na maelekezo ya kutengeneza Clara BW, jambo ninaloliheshimu kama fundi, lakini kipuri bado kitakungoja sanduku la mtu anayesafiri. Kwa hiyo jalada gumu si urembo, ni sehemu ya bei, liongeze kwenye zile yuro 150. Maji hayakitishi, kinastahimili mita 2 kwa saa nzima. Vumbi letu jekundu la Julai linapenda tundu la chaja: kilaze ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga. Na usikiache kabatini likizo nzima betri ikiwa tupu, betri za lithiamu hufa hivyo.

Jambo moja hukuuliza. Kisomaji ni cha mtu mmoja. Kitabu cha karatasi unaweza kumpa mwanafunzi Ijumaa, naye akampa dada yake, kikarudi baada ya mwezi kimechanika lakini kimesomwa na watu wanne. Kifaa hiki hutampa mtu, na ukimpa hutalala. Kama sehemu ya vitabu vilivyoliwa na mchwa ilikuwa ya kuazimisha darasani, hiyo sehemu irudishe kwa karatasi.

Basi mwambie ndugu yako akilete, pamoja na jalada, baada ya wewe kufanya zile fotokopi tatu na kukubali kwamba unanunua mashine ya riwaya. Na asikitie kwenye sanduku la kupakiwa chini ya ndege. Akibebe kwenye begi la mkononi, katikati ya nguo, uso wa kioo ukitazama jalada. Akifika uwanja wa ndege wa Luano, kwanza akiwashe mbele yako, ageuze kurasa kumi, uangalie kama kuna mstari usiotoka.