Alama Zako Zimekaa Wapi? Majibu kwa Wanaopima kwa Picha

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kila pikseli ya picha ijue mahali pake ardhini. Nimechagua nne. Alama ninazozitaja ni vitu vinavyoonekana pichani ambavyo mahali pake halisi panajulikana; programu huzitumia kuinyoosha picha ikae mahali pake.

*Shikamoo mwalimu. Napima mikoko kusini mwa Tanga mjini kwa droni. Niliweka alama tisa, zote kandokando ya barabara, maana kwenye tope hapapitiki. Programu inasema kosa ni sentimita 2, lakini ukingo wa mikoko upande wa bahari umehama karibu mita 2. Nimwamini nani?*

Marahaba mwanangu. Amini macho yako. Zile sentimita 2 zimepimwa kwenye alama zilezile zilizotumika kuinyoosha picha, kwa hiyo hazisemi lolote juu ya mahali pasipo na alama. Picha yako ni turubai lililofungwa kamba upande mmoja: upande wa pili unaweza kuzunguka au kuvimba, na hakuna alama itakayokuonyesha.

Alama zizunguke eneo lote, na moja au mbili zikae katikati. Upande wa bahari nenda maji yakipwa, na siku za bamvua ndizo nzuri, maji hutoka mbali. Pima na urushe droni kabla hayajarudi. Tope huzama, hivyo pigilia kibao juu ya mti uliochomekwa ukashika, upime juu ya kibao chenyewe. Kitambaa cheupe kitupu hupotea kwenye mchanga wa pwani yetu. Paka nyeusi na nyeupe, robo nne zikutane kwenye nukta moja, upate mahali hasa pa kubofya. Pikseli moja ya picha yako ikifunika sentimita 3 za ardhi, alama isipungue upana wa sentimita 30. Mimi hupenda 50.

Na hili nakuomba usiliache: alama tatu kati ya hizo zipime kama nyingine, ila usiziruhusu zitumike kunyoosha. Ramani ikishakamilika, soma koordineti zake humo ulinganishe na ulizopima. Tofauti hiyo ndiyo ya kuandika kwenye ripoti. Kuna watu wataambiwa wamekata mikoko kwa sababu ya ramani kama yako, na mita 2 zinatosha kumhukumu asiyehusika.

*Alama chache kabisa ni ngapi? Na GPS ya simu inatosha kuzipima?*

Kwa mgeuzo wa mstari ulionyooka, yaani unaosogeza, kuzungusha, kukuza na kuinamisha picha bila kuipinda, ni tatu. Kwa picha iliyopigwa kwa kuinama, nne. Kwa polinomia ya daraja la pili, yaani hesabu inayoruhusu picha kupindwa, sita. Lakini ukiishia kwenye idadi hiyo kosa litasomeka sifuri hata kama umebofya pabaya, kwa kuwa hakuna alama ya ziada ya kubisha. Simu hukosea mita kadhaa hata pakiwa wazi, kwa hiyo kwa picha ya droni haifai. Tafuta kipokezi cha RTK, yaani cha setilaiti kinachosahihishwa papo hapo hadi sentimita, ukianzia kwenye bikoni (nguzo ya wapima ardhi) ambayo koordineti zake zinajulikana.

Kabla hujafuta alama yenye kosa kubwa, angalia tarakimu. Katika UTM, gridi ya dunia inayohesabu mahali kwa mita, kanda ya 37 Kusini, namba ya mashariki kwa Tanga mjini ina tarakimu sita na huanza na 5. Ya kaskazini ina saba na huanza na 94. Mara nyingi utakuta mtu amezibadilishana au ameruka tarakimu moja.

*Kaka, tuko Muheza. Tunapiga picha majani ya mkonge juu ya ubao wenye alama nne kwenye kona. Majani yanatoka yamepinduliwa, na vipimo vinazidi kidogo vya rula.*

Ni mambo mawili tofauti. Kupinduka: picha huhesabu mistari kuanzia juu kwenda chini, ninyi mmehesabu ubao kutoka chini kwenda juu. Geuzeni upande mmoja ufuate mwingine. Mkitumia alama za ArUco, vile vimraba vyeusi na vyeupe ambavyo kompyuta huvisoma na kila kimoja hubeba namba yake, mpangilio wa kona nao hautachanganyika tena.

Vipimo kuzidi kunanipa shaka zaidi. Alama nne husahihisha uso wa ubao tu, na jani la mkonge ni nene, hasa kwenye shina lake. Kilicho juu ya ubao kiko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo huonekana kikubwa. Inueni kamera juu zaidi na mvute kwa lenzi, au mweke alama kwenye vibao vyenye kimo sawa na jani. Kwanza lakini sahihisheni mpindo wa lenzi.

*Nimeskani karatasi ya zamani ya 1:50,000 ya Bagamoyo. Magofu ya Kaole yanatua kama mita 300 mbali na yanapoonekana kwenye picha ya setilaiti.*

Karatasi hizo zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti, na picha ya setilaiti inatumia WGS 84, mfumo wa GPS. Kwa pwani yetu tofauti ya mifumo hiyo ni takriban mita 300. Ingiza alama zako kwa EPSG:21037 (msimbo wa Arc 1960 katika UTM 37 Kusini), kisha uiache programu ihamishie EPSG:32737 (kanda ileile kwa WGS 84). Usiisukume picha kwa mkono. Tumia makutano ya mistari ya gridi badala ya kona za karatasi, maana karatasi hunyauka na kujikunja. Baada ya hapo usitafute sentimita: mstari wa nusu milimita kwenye ramani hiyo ni mita 25 ardhini.