Jibu: Mama anawashwa kila akimeza dawa ya malaria, je ni aleji?

Mkuu, pole kwa bimkubwa. Umesema mama yuko Igoma, kila akitibiwa malaria mwili unawasha, na sasa majirani wamemshauri aachane na dawa za hospitali anywe muarobaini. Umeuliza kama mtu anaweza kuwa na aleji ya dawa zote za malaria. Nimeuza dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Mwanza kwa miaka mingi, na jambo hili limewahi kuingia hadi nyumbani kwetu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Aleji ya dawa zote za malaria kwa pamoja haipo. Kinga ya mwili haijui dawa inatibu nini, inachokigomea ni kemikali iliyomo ndani yake. Klorokwini, kwinini, SP (sulfadoxine na pyrimethamine) na dawa mseto (dawa mbili zilizounganishwa) zina kemikali tofauti, ingawa klorokwini na kwinini zina undugu. Mtu anayedhurika na moja mara nyingi anaweza kumeza nyingine bila shida. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia aleji, tafuteni jina la dawa aliyomeza. Dirishani wateja wengi huniambia "ile ya malaria" au "vile vya njano", na hapo mtoa dawa hata awe mzuri namna gani hawezi kusaidia.

Nakuuliza pia: mama ana umri gani? Kama ni mtu mzima wa miaka 50 na kuendelea, inawezekana kabisa sifa hii ya kuwashwa ilianza enzi za klorokwini. Waliokuwepo wanakumbuka. Unameza, zinapita saa chache, mwili mzima unachomachoma, hasa viganja na nyayo, bila hata kipele kimoja, na Piriton haisaidii sana. Wengine waliificha dawa chini ya godoro kuliko kuimeza. Kuwashwa kule kuliwapata Waafrika wengi, na haikuwa aleji ya kawaida, ndiyo maana dawa za aleji zilishindwa. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, tukaingia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto ya ALu (artemether na lumefantrine). Lakini wazee wengi wanaendelea kuamini kwamba damu yao "haipatani" na dawa ya malaria, wakati dawa iliyowatesa iliondoka siku nyingi.

Sasa hiyo SP ndiyo ninayotaka watu waielewe vizuri. Ndani yake kuna salfa, ndugu wa salfa iliyomo kwenye Septrin. Mwili ukiivunja, baadhi ya vipande vyake hunata kwenye protini zetu wenyewe. Kwa watu walio wengi ini husafisha mambo yakaisha. Kwa wachache, chembe nyeupe huziona zile protini zilizonatiwa kama adui na kuanza kushambulia ngozi, macho, mdomo na sehemu za siri. Ubaya wa SP ni kwamba haitoki haraka mwilini. Baada ya wiki nzima, karibu nusu ya ile salfa inakuwa bado imo kwenye damu, kwa hiyo hata ukigundua tatizo na kuacha, moto hauzimiki leo wala kesho.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Akiwa kambini upande wa Ukerewe, kwenye giza (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa), alipata homa akanunua vidonge vitatu vya kumeza kwa mpigo, ndiyo dozi ya SP, kwenye kibanda, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Homa ilipoa, kisha siku kadhaa baadaye ikarudi na macho mekundu na koo linalouma. Wenzake wakasema malaria imerudi. Mbalamwezi ilipotoka na kambi kupumzika, midomo yake ilikuwa imepasuka na kuganda damu, kifua kina mabaka ya zambarau, na alipojifuta maji kwa taulo ngozi ya bega ilibaki kwenye taulo. Walimvusha kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, akalazwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza. Walimtunza kama mtu aliyeungua moto: vidonda, maji ya mwilini, macho kusafishwa mara kwa mara. Daktari alimuuliza mama yetu kama mdogo wangu aliwahi kudhurika na Septrin. Mama akafikiri, akakumbuka upele uliomtoka alipokuwa shule ya msingi, ukaisha wenyewe. Hakuna aliyeuandika popote. Alipona, namshukuru Mungu, ila macho yake ni makavu mpaka leo, anatumia dawa ya matone na mwanga wa jua juu ya maji unamtesa.

Haya ni madhara ya nadra, na sitaki mjamzito asome hapa akaikimbia SP anayopewa kliniki. Sifa mbaya ya dawa hii ilitokana sana na wasafiri wa Marekani miaka ya 1980 waliokuwa wakiimeza kila wiki kama kinga. Makadirio ya wakati ule yalikuwa kifo kimoja kwa kila watumiaji 11,000 hadi 25,000. Kliniki dozi zinaachana angalau mwezi mmoja, na inamlinda mama na mtoto. Anayetakiwa kusema mapema ni aliyewahi kudhurika na salfa ya aina yoyote, au anayetumia Septrin kila siku kwa sababu ya VVU, kwa kuwa huyo hapewi SP.

Kwinini nayo ina yake. Masikio kuvuma ni kawaida yake, si aleji. Lakini kuna watu ambao kinga yao hutengeneza silaha zinazoharibu chembe za kugandisha damu kila kwinini inapoingia. Wanatoka vidoadoa vyekundu miguuni, fizi zinavuja damu, na akiimeza tena hali hiyo hurudi ndani ya saa chache tu. Huyo asiiguse tena.

Na kwa wanaouguza mtu aliyechomwa sindano za artesunate kwa malaria kali: wiki moja hadi tatu baadaye anaweza kuishiwa damu ghafla, macho ya njano, mkojo mweusi kama kola. Mara nyingi kinga haihusiki. Bandama huvichomoa vimelea vilivyokufa kutoka kwenye chembe nyekundu na kuzirudisha chembe hizo kwenye damu, ila zimeshachoka, zinakuja kufa kwa pamoja. Wapo wachache ambao kinga nayo hushiriki. Sindano yenyewe inaokoa maisha, kwa hiyo msiikatae, rudini tu kupima wingi wa damu kila wiki kwa mwezi mmoja.

Turudi kwa mama. Kuwashwa bila upele, anapumua vizuri, hakuna kidonda mdomoni: amalize dozi huku mkimpigia simu au kumwona mtoa huduma. Akivimba midomo au ulimi, akibanwa kifua, au akitokwa vidonda mdomoni na macho kuwa mekundu, asimeze kidonge kingine. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo pamoja na pakiti ya dawa, na mwambieni daktari ambadilishie dawa, maana kuacha dozi katikati bila kupewa nyingine ni kuiachia malaria nafasi. Mwombeni pia ajaze fomu ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) ya kuripoti madhara ya dawa. Pakiti zote zilizobaki kwenye kabati lake zitoeni, soma jina dogo lililoandikwa chini ya lile kubwa la biashara, kisha uliandike kwenye daftari lake la kliniki: dawa gani, mwezi gani, ilimfanya nini. Majina makubwa hubadilika kila kukicha, lile dogo ndilo linaloonyesha kama ni salfa.

Muarobaini hauchukui nafasi ya dawa. Kama ana homa sasa hivi, usisubiri wachangiaji wengine hapa, apimwe leo. MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, haizidi nusu saa, na inawezekana siku zote hizo alikuwa akitibiwa malaria ambayo hana.