Kwa Nini Sehemu ya Pili Haikutuchekesha?

SWALI

Mhariri, katika miaka ya 1990 niliitazama Coming to America katika kibanda cha video pale Mwanjelwa, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, nje baridi ya Julai, ndani watu wanacheka hadi mwenye kibanda analazimika kurudisha mkanda nyuma. Hivi karibuni kijana wangu mwenye umri wa miaka 19 alinionyesha sehemu ya pili, Coming 2 America, kwenye simu yake, nami nikajiona kama ninayekunywa chai iliyopikwa kwa majani ya jana. Yeye anasema kasoro si ya filamu bali ni ya umri wangu. Nani kati yetu yuko sahihi?

Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU

Ndugu msomaji, kijana wako ana haki katika jambo moja dogo, nalo nitalifikia, lakini katika hoja kuu mimi niko upande wako.

Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na John Landis na kutoka mwaka 1988, imesimama juu ya mtu mwenye kila kitu anayeamua kwa hiari yake kuwa si kitu. Mwanamfalme Akeem, ambaye kwao Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, humwagiwa maua kila apitapo, anafika Queens, New York, na kutaka chumba cha kimaskini. Kumbuka chumba chenyewe: dirisha ni moja tu na linatazama ukuta wa matofali, na sakafuni bado pana mchoro wa chaki uliozungushiwa maiti ya mtu aliyeuawa humo. Akeem anakifurahia kana kwamba amekabidhiwa ikulu. Asubuhi anatoka nje kuwaamkia majirani kwa sauti kuu, wanamrushia matusi, naye anayapokea kwa tabasamu la mtu aliyepewa baraka. Kisha anakwenda kupiga deki katika mgahawa wa mzee McDowell. Wakati wote huo Akeem hajaribu kutuchekesha hata kidogo. Ana haja ya kweli, anatafuta mke atakayempenda bila kujua cheo chake, na kicheko chetu kinatoka humo humo.

Katika sehemu ya pili, iliyoongozwa na Craig Brewer na kutoka mwaka 2021, yaani miaka 33 baadaye, Akeem yuko nyumbani kwake. Ugeni amepewa Lavelle, mwana ambaye Akeem hakujua kwamba anaye, anayeletwa Zamunda kutoka Queens kwa sababu sheria ya huko inataka mrithi wa kiume. Hapo ndipo filamu ilipopoteza mguu wake. Maskini anayepandishwa cheo ghafla anaweza kuchekesha, lakini si kama mkubwa anayejishusha: Lavelle anapewa, Akeem alijinyima.

Wale vinyozi wa saluni ya Queens wanaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1988 Eddie Murphy, yeye huyo aliyecheza Akeem, alicheza pia kinyozi mzee na pia mzee wa Kiyahudi anayekaa kando akibishana juu ya mabondia, na wengi wetu hatukutambua kabisa kwamba wote wawili ni yeye. Ubishi wenyewe ulikuwa hai; ukiingia saluni yoyote ya Mbeya siku moja kabla ya mechi ya Simba na Yanga utausikia. Waliporudi mwaka 2021 tulikuwa tunawajua tayari, na filamu iliwaleta ili tuwatambue, si ili tushangae. Kumtambua mtu kunaleta tabasamu tu, na tabasamu haliwezi kumrudisha mwenye kibanda kwenye mkanda.

Ufundi haukupungua, na ni haki kulisema hilo, kwani filamu zote mbili ziliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upambaji wa nyuso. Kilichopungua ni hadithi, na kinachoniuma ni kwamba hadithi nzuri ilikuwamo. Akeem ana mabinti watatu, na mkubwa wao, Meeka, amejiandaa kutawala tangu utotoni, kisha anamwona kaka asiyemjua akishushwa kwenye ndege na kukalishwa mahali pake. Familia ngapi za Rungwe na Njombe zinaujua uchungu huo wa shamba kumpita binti aliyelilima! Mwishoni sheria inabadilishwa na Meeka anatajwa kuwa mrithi, lakini tayari filamu imemweka pembeni kwa muda mrefu mno. Ingekuwa safari yake yeye, tungecheka upya.

Sasa ile haki ya kijana wako. Kwa sababu ya janga la Uviko, sehemu ya pili haikupelekwa kwenye majumba ya sinema kama ilivyokusudiwa, bali ilitoka moja kwa moja kwenye intaneti, nanyi mliitazama wawili kwenye kioo cha simu. Kicheko huambukizana, na benchi lililojaa lilikusaidia sana wakati ule. Kwa hiyo mpimane kwa kipimo kimoja: mwombe kijana awaalike rafiki zake Jumamosi moja, muwashe jiko la mkaa barazani, muitazame ile ya kwanza kwenye runinga, nawe usimweleze lolote kabla. Keti mahali unapouona uso wake Akeem anapofunguliwa mlango wa chumba kile chenye dirisha moja.