Kabla Hujaipa Bia Alama Mbili

Shikamoo Anko. Niko Sheffield kwa masomo. Nimeanza kuwaandikia jamaa zangu wa Dar tathmini fupi za bia za viwanda vidogo vya huku: jina, kilevi, ladha, alama kati ya kumi. Juzi niliagiza bia iitwayo Jaipur, ya pampu ya mkono, ile inayovutwa kutoka kwenye pipa. Ikaja haina ubaridi, povu kiduchu, harufu kama ya siagi. Nikaipa mbili. Rafiki yangu Mwingereza amenuna mpaka leo. Kwani nimemwonea nani?
*Mwanafunzi, Sheffield*

Marahaba, kijana wangu. Umetia makosa matatu kwenye gunia moja, na kila kosa lina mwenyewe.

Ubaridi kwanza. Kwetu mhudumu anakuuliza, "Baridi au moto?" Bia ya pampu ya mkono haiko upande wowote. Inahifadhiwa chini ya baa kwenye nyuzi 11 hadi 13, kwa sababu humo ndani ya pipa hamira bado iko hai na inamalizia kazi yake. Ukiigandisha, harufu inajifungia. Hilo si kosa, lifute.

Povu nalo usimtwike mpishi wa bia. Baa nyingi za Yorkshire, huko kwenu Sheffield, hufunga kifuniko chenye vitundu kwenye mdomo wa bomba, bia ikatoka na povu zito. London wengi hawafungi. Hapo Sheffield kukosa povu ni jambo la kumuuliza mwenye kaunta.

Siagi ndiyo kesi yenyewe. Hamira hutoa harufu hiyo bia inapochachuka, kisha ikipewa siku za kutosha huila tena yenyewe. Kwa hiyo huenda kiwanda kilikuwa na haraka. Lakini pia huenda mipira ya baa, ile inayopitisha bia, imeota uchafu, na bakteria wanatoa harufu hiyohiyo. Niliwahi kutunza mapipa kwenye baa moja ya huko kaskazini. Mipira inatakiwa isafishwe kila wiki. Bosi wangu alikuwa bahili wa dawa, na pipa likishafunguliwa aliliuza hata wiki nzima, wakati siku ya tatu hewa imeshaingia na bia inaelekea kwenye siki. Wateja walikuwa wakitoka pale wanatukana kiwanda!

Fanya hivi: inywe Jaipur baa nyingine. Siagi ikikufuata na huko, kiandike kiwanda chenyewe, Thornbridge, bila huruma. Isipokufuata, andika jina la baa. Mimi bia hiyo naijua toka zamani. Thornbridge walianza mwaka 2005 kwenye jumba la kifahari karibu na Bakewell, na Jaipur, yenye kilevi cha asilimia 5.9, ndiyo iliyowatangaza. Wanatumia hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za Kimarekani, kwa hiyo utafute balungi na ganda la chungwa, asali kidogo nyuma, kisha uchungu unaokaa kooni. Andika "balungi", jamaa zako wa Dar watakuelewa kuliko ukiandika "nzuri sana".

Usiagize painti nzima kwa tathmini. Omba theluthi. Nusa kabla ya kunywa, kisha uiache kidogo na unuse tena. Na usipime bia zote kwa mizani moja: Table Beer ya kiwanda cha The Kernel, pale Bermondsey, London, ina kilevi cha kama asilimia 3, na imetengenezwa mtu anywe huku anapiga soga. Ukiiweka karibu na stauti, bia nyeusi nzito, ya kiwanda cha Harvey's cha Lewes yenye asilimia 9 utaiona maji, kumbe ni kazi ngumu zaidi, maana bia nyepesi haina pa kuficha kasoro.

Anko, Neck Oil, ile yenye kopo la mafuvu, naweza kuiita bia ya kiwanda huru?
*Msomaji, Leeds*

Ungeweza zamani. Logan Plant alianzisha Beavertown, kiwanda kinachoitengeneza, London mwaka 2011. Heineken wakanunua sehemu mwaka 2018, na mwaka 2022 wakachukua yote. Kiwanda cha Camden Town kilikwenda kwa kampuni kubwa ya AB InBev mwaka 2015. Meantime, iliyokuwa Greenwich, ilikwenda kwa kampuni kubwa ya Asahi mwaka 2016. Neck Oil nainywa na naipenda, ila neno "huru" lifute. Chama cha watengenezaji huru, SIBA, kilianza mwaka 2024 kuweka alama ya "Indie Beer" kwenye bia za wanachama wake, kwa sababu makopo yamekuwa yakifanana mno.

Mimi sili nyama wala samaki. Ni kweli bia zao wanatia samaki?
*Mama Neema, Leicester*

Kweli, dada, hasa hizi za pampu ya mkono. Ni bondo, kibofu cha hewa cha samaki, lililokaushwa na kuyeyushwa; hunasa hamira na kuizamisha chini ya pipa, bia ikabaki angavu. Hata mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yamewahi kufika huku kwa kazi hiyo, ingawa siku hizi soko lake kubwa ni Uchina, kwenye sufuria. Kiwanda cha Moor cha Bristol na The Kernel hawatumii bondo. Bia zao huja na ukungu, kwa hiyo usizirudishe kaunta.