Spea gani za kubeba Tsavo

Kaka, umeuliza ubebe spea gani ukiingia mbuga ya Tsavo Mashariki na Prado kuukuu kupitia lango la Bachuma. Mimi ningeanza na spana, spea baadaye. Mwaka juzi fanbelti, ule mkanda wa injini, ilinikatikia huko ndani. Fanbelti mpya ninayo, imelala kwa buti, lakini spana namba 14 ya kulegeza altaneta (mtambo wa kuchaji betri) ili mkanda uingie niliiacha nyumbani Likoni! Nilikaa juani saa tatu nzima mpaka akapita dereva wa watalii akaniazima yake.

Kwa hivyo fanya hivi: wikendi hii fungua na ufunge fanbelti na hosi ya rediata mwenyewe hapo uani. Kila kifaa ulichoshika kitie mfukoni, hicho ndicho cha kubeba. Fanbelti na hosi kuukuu ukibadilisha usitupe, ndizo akiba zako.

Jeki nayo ijaribu, na ubebe kipande cha mbao nene cha kuweka chini yake, la sivyo itazama mchangani. Pampu ya upepo ni lazima: kwenye mchanga mwingi utapunguza upepo wa tairi hadi kama psi 20, na huwezi kurudi barabara ya lami hivyo. Fyuzi, klipu za hosi, waya wa kufungia na mafuta ya breki havijazi hata ndoo. Maji lita 20, ya rediata mbali na ya kunywa.

Gaboksi usijisumbue nayo. Ikifa, ni kuvutwa tu hadi Voi, basi kamba nzito iwepo.