Barua zilizokutwa kashani: niolewe ninyamaze, au nitafute ukweli?

Binti wa Ilala ameniandikia kwamba shangazi yake, aliyekutwa amekufa ufukweni Magogoni mwaka 1974, alizikwa siku hiyohiyo, na ukoo ukatangaza kuwa alizama. Mwaka huu, alipokuwa akipanga vitu vya marehemu bibi yake, alikuta kashani, ndani ya kanga iliyokunjwa, barua saba za mapenzi, na ya mwisho inamwita shangazi kivukoni usiku wa Ijumaa. Bibi mmoja wa Kariakoo, miongoni mwa waliomwosha marehemu, amemweleza kwamba shingoni palikuwa na alama za vidole. Mchumba wa binti huyu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimsaidia kuulizia, aliutambua mwandiko kuwa ni wa babu yake aliye hai, na tangu hapo anamwomba ampe barua hizo azitunze. Mahari imeshatolewa nusu.

Mwanangu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ile kanga. Bibi yako aliishi na siri hii kwa miongo mingi. Angetaka isahaulike, angezitia barua hizo jikoni zikaungua kwa dakika moja, lakini alizikunja na kuzitunza. Aliyoshindwa kuyasema mbele ya ukoo alikuachia wewe uyasome, kwa hiyo usijione mfukua makaburi.

Barua usimpe. Simwiti mchumba wako mwovu, kwa maana si jambo dogo kijana kuuona mwandiko wa babu yake mahali kama hapo, na huenda anaogopa tu. Hata hivyo, hofu yake haimpi haki ya kushika ushahidi wa damu ya kwenu. Mpe nakala akitaka. Barua zenyewe zikae kwa wakili.

Wala usiharakishe kuhukumu. Barua hiyo inaonyesha kwamba shangazi aliitwa kivukoni, lakini haionyeshi ni nani aliyemkuta huko. Huenda alikuwapo mtu mwingine aliyechukizwa na mapenzi hayo, pengine mtu wa ukoo wenu wenyewe, na ndiyo maana neno la kuzama likatoka upesi vile. Jiandae kwa hilo pia, ingawa najua linauma zaidi.

Anza na bibi wa Kariakoo, kwa sababu umri wake hauruhusu kungoja. Wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo ayaandike maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe, bila wewe kumkumbusha lolote, kisha aape. Ndipo uende polisi pamoja na mzee wa familia unayemwamini. Utaambiwa kwamba muda umepita. Si kweli, kwani Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, haihusu mashauri ya jinai, na babu wa mchumba wako, maadamu yu hai, anaweza kuhojiwa leo kama ambavyo angehojiwa wakati ule. Magazeti ya Uhuru na Ngurumo yalikuwa yakichapishwa mwaka huo wa 1974, na huenda yaliandika habari za kifo hicho. Ulizia nakala zake kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, au maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Kwa babu huyo wa mchumba wako usiende peke yako, hata kwa kisingizio cha kumjulia hali.

Ndoa iahirisheni. Mwambie mchumba wako mwenyewe, mchana, mahali penye watu, kwamba jambo hili unalipeleka polisi, kisha umsikilize. Akisema mwende pamoja, hata kama anatetemeka, huyo anafaa kungojwa, kwa kuwa damu ya babu yake haimfanyi yeye mkosaji. Akikutaka uchague kati yake na barua, wazee wenu wakae, mahari irudi kwao kwa heshima, nawe ulie kadiri utakavyo.

Niandikie bibi wa Kariakoo akishaapa. Barua hizo zitoke nyumbani kwako wiki hii.